Mwite Kwanza: Jinsi ya Kusalimu na Kutuma Salamu kwa Adabu kwa Kichina

Nilipokuwa nasoma Kichina mjini Tianjin, mwalimu wetu alitukaribisha nyumbani kwake chakula cha jioni. Baba yake, mzee aliyepita miaka 80, alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha. Nikamwambia nǐ hǎo, ile salamu ya kawaida ya Kichina, akaitikia kwa kichwa. Haukupita muda, mtoto wa mwalimu akaingia na begi lake la shule, akasimama mbele ya mzee na kutamka neno moja: “Yéye!” Yaani, “Babu!” Hakuongeza kitu. Mzee akachangamka, akamvuta karibu, akaanza kumuuliza habari za shule. Mimi nilikuwa bado nasubiri mtoto asalimu, kumbe ameshasalimu.

Wachina wana maneno ya jambo hili: jiào rén (叫人), “kumwita mtu”. Mtoto anayepita sebuleni bila kumwita babu, shangazi au mgeni kwa nafasi yake huonekana hakufundwa. Kwetu tuliolelewa na shikamoo hili si geni. Kinachotupoteza ni kwamba tunafundishwa nǐ hǎo siku ya kwanza, tunadhani ndiyo shikamoo yao, kisha tunamrushia kila mtu. Mwongozo huu naupanga kinyume: kwanza ujue umwiteje mtu, salamu itafuata.

Hatua ya 1: Tengeneza toni kabla ya maneno

Kichina sanifu, Pǔtōnghuà, kina toni 4, pamoja na silabi nyepesi zisizo na toni. Alama zilizo juu ya irabu katika pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi tulizozoea, ndizo zinazoonyesha toni. Ya 1 (ā) iko juu na imenyooka, kama mtu anayeshikilia noti moja akiimba. Ya 2 (á) inapanda, kama unavyosema “Eeh?” usiposikia vizuri. Ya 3 (ǎ) inazama chini. Ya 4 (à) inaanguka kwa nguvu, kama unavyomwamuru mtoto “Kaa!”

Usiipuuze hatua hii. Wèn, toni ya 4, ni kuuliza, na ndilo neno lililomo ndani ya wèn hǎo, kutoa salamu. Wěn, toni ya 3, ni kubusu. Mwanafunzi anayetaka kusema “Mwalimu, nina swali”, Lǎoshī, wǒ xiǎng wèn nín…, akiteleza kwenye toni atakuwa ametamka kwamba anataka kumbusu mwalimu wake. Msikilizaji atakuelewa kwa mazingira ya maneno, lakini salamu ni jambo la kwanza mtu kulisikia kutoka kwako, na inafaa itoke safi.

Toni mbili za 3 zikifuatana, ya kwanza hugeuka kuwa ya 2. Ndiyo maana huandikwa nǐ hǎo lakini hutamkwa ní hǎo.

Sisi Waswahili tuna mazoea mawili ya kuyachunga. Tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tunapenda kila neno liishie kwa irabu. Matokeo yake nín inakuwa “nini” na Bwana Wáng anakuwa “Wangi”. Kwa nín, acha ulimi ukae juu nyuma ya meno, ufunge hapohapo. Kwa Wáng, malizia na ng’ ya ng’ombe, bila irabu yoyote baada yake. Herufi q hutamkwa karibu na ch yenye pumzi, x iko kati ya s na sh, c ni ts, na zh inakaribia j ukiwa umekunja ncha ya ulimi nyuma kidogo.

Hatua ya 2: Jua umwiteje

Jina la ukoo linatangulia. Wáng Xiǎomíng ni wa ukoo wa Wáng. Kumwita “Bwana Xiǎomíng” ni kosa. Na cheo hukaa baada ya jina la ukoo: Wáng lǎoshī (王老师), Mwalimu Wáng.

Usipolijua jina la ukoo, uliza kwa sentensi hii: Nín guì xìng? (您贵姓？) Guì ni “tukufu”, kwa hiyo unauliza “Ukoo wako mtukufu ni upi?” Mchina mwenye adabu hulivua lile sifa kabla ya kujibu: Miǎn guì, xìng Wáng, “Utukufu tuuache, ni Wáng.” Ukiulizwa wewe, jibu Wǒ xìng… na jina lako la ukoo. Usiseme kamwe wǒ guì xìng, maana utakuwa umejipa utukufu mwenyewe.

Vyeo utakavyovihitaji zaidi:

- Lǎoshī (老师), mwalimu. Siku hizi huitwa hivi pia watangazaji, wasanii na watu wa taaluma mbalimbali wanaoheshimiwa.
- Jīnglǐ (经理), meneja. Bosi mkubwa ni zǒng (总) baada ya jina la ukoo: Zhāng zǒng.
- Gōng (工), kifupi cha mhandisi: Liú gōng. Ukifanya kazi kwenye mradi wa barabara au reli utalisikia kutwa.
- Yīshēng (医生) au dàifu (大夫), daktari.
- Shīfu (师傅), fundi, dereva, mpishi. Hili ni neno la heshima kwa mtu mwenye ujuzi wa mikono. Dereva wa teksi ukimwita shīfu umemwita vizuri.
- Xiānsheng (先生), bwana, na nǚshì (女士), bibi, pale usipojua cheo.

Naibu mwitie cheo kamili. Mtu ambaye kadi yake imeandikwa fù jīnglǐ, naibu meneja, kwa kawaida huitwa Lǐ jīnglǐ. Ile fù huachwa kwenye karatasi.

Nje ya ofisi, Wachina hufanya kama sisi: wanaazima majina ya undugu. Mwanamume mwenye umri wa baba yako ni shūshu, baba mdogo. Mwanamke mwenye umri wa mama yako ni āyí, mama mdogo. Waliokuzidi kidogo ni gē, kaka, na jiě, dada. Āyí litumie kwa uangalifu: mwanamke aliyekuzidi miaka mitano hatafurahi, na pia ndilo jina wanaloitwa wasaidizi wa kazi za nyumbani. Ukisitasita, mwite jiě.

Maneno mawili yaache. Xiǎojie (小姐) vitabu vya zamani vinasema ni “binti”, lakini sehemu nyingi za China bara linaweza kueleweka kama mwanamke anayejiuza. Tóngzhì (同志), “komredi”, lilikuwa salamu ya kila siku zama za ujenzi wa TAZARA, kati ya 1970 na 1975. Leo limebaki kwenye mikutano ya chama na serikali, na mitaani lina maana nyingine, ya watu wa mapenzi ya jinsia moja.

Kwa wenzangu wa biashara: kwenye maduka ya Guangzhou na Yiwu, miji ya China wanakonunulia bidhaa wafanyabiashara, mwenye duka ni lǎobǎn (老板), na mwanamke mwenye duka mara nyingi huitwa lǎobǎnniáng (老板娘), ingawa neno hilo asili yake ni mke wa mwenye duka. Huko Guangzhou utasikia pia vijana wakiitwa liàngzǎi (靓仔) na liàngnǚ (靓女), yaani “mzuri”. Mwuza matunda akikuita hivyo hakutongozi. Anakusalimu.

Hatua ya 3: Ongeza salamu yenyewe

Sasa unganisha: cheo kwanza, kisha salamu. Wáng lǎoshī, nín hǎo. Lǐ jīnglǐ, nín zǎo.

Nín (您) ni “wewe” wa heshima. Angalia herufi yake: juu ni 你, “wewe”, chini yake ni 心, “moyo”. Itumie kwa mkubwa, mteja, mkubwa wa kazi, na mtu usiyemjua aliyekuzidi umri. Mkubwa atakujibu nǐ hǎo, kwa nǐ ya kawaida, na hapo hajakudharau hata kidogo. Ndivyo ngazi zilivyo, kama mzee anavyoitikia marahaba bila kukurudishia shikamoo. Beijing na Tianjin nín husikika kila mahali. Kusini huko Guangzhou watu huitumia mara chache, kwa hiyo usikasirike ukiikosa, ila wewe mgeni endelea nayo.

Kundi la watu lisalimie Dàjiā hǎo (大家好), “hamjambo nyote”. Kwenye kikao rasmi, Gèwèi hǎo. Usiwaze kutafuta wingi wa nín. Nínmen haisikiki mara nyingi katika mazungumzo.

Asubuhi ni zǎoshang hǎo, au zǎo tu kwa mliozoeana. Mchana xiàwǔ hǎo, jioni wǎnshang hǎo. Wǎn’ān ni ya kulala, usiingie nayo kwenye karamu. Guangzhou asubuhi wanaozungumza Kikantoni, lugha ya huko kusini, husalimiana kwa neno linalosikika kama “jou san” (早晨). Ukilijua hilo moja, mama wa mgahawani atakukumbuka kesho.

Mkionana mara ya kwanza: Hěn gāoxìng rènshi nín, “nimefurahi kukufahamu”. Toa mkono, bana kidogo tu, inamisha kichwa kidogo. Anza na mkubwa kuliko wote, hata kama unayemjua ni kijana aliyekuleta. Kadi ya biashara itoe kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea anayeipokea, na ya kwake ipokee kwa mikono miwili na uisome kabla ya kuiweka.

Hatua ya 4: Julia hali, na ujue “pole” zao

Salamu zetu ni ndefu. Habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Kichina hakipangi hivyo. Swali moja linatosha, na mara nyingi si swali la kutafuta jibu: ni kumwambia mtu kwamba umemwona anachofanya. Jirani anayerudi kazini ataambiwa Huílái le? “Umerudi?” Anayetoka ataulizwa Chūqu a? “Watoka?” Karibu na saa za kula, wazee hasa husema Chī le ma? (吃了吗), “Umekula?” Jibu Chī le, nín ne? “Nimekula, na wewe?” Usieleze kama hujala. Hukukaribishwa chakula, umesalimiwa.

Kwa mtu mliyepotezana: Hǎojiǔ bú jiàn, zuìjìn zěnmeyàng? “Siku nyingi, habari za siku hizi?” Kwa mzee: Nín shēntǐ hǎo ma? “Afya yako njema?” Jibu la kawaida ni Hái kěyǐ au Tǐng hǎo de, kama sisi tunavyosema “nzuri” hata siku mbaya.

Lakini neno lililonifanya nijione nyumbani ni xīnkǔ le (辛苦了). Herufi ya kwanza ni ukali, ule wa pilipili na tangawizi. Ya pili ni uchungu. Ukimwambia mtu Nín xīnkǔ le, umemwambia kwamba unajua ukali na uchungu alioupitia. Hiyo ndiyo “pole na kazi”. Dereva amekushusha baada ya saa nne za foleni: Shīfu, xīnkǔ le. Mwalimu amemaliza kipindi: Lǎoshī xīnkǔ le. Mgeni ametoka uwanja wa ndege: Lùshang xīnkǔ le, “pole na safari”. Nimefanya ukalimani kwa wafanyabiashara wa Kariakoo miaka kadhaa, na sijaona neno jingine linalofungua uso wa fundi wa kiwandani upesi namna hii, hasa likitoka kwa mgeni ambaye angeweza kupita bila kumwona.

Tahadhari moja. “Pole” yetu ni moja, inabeba kila kitu. Kwa Kichina lazima uigawe. Aliyefiwa usimwambie xīnkǔ le kama rambirambi. Mwambie Qǐng jié’āi (请节哀), “jikaze na huzuni”, au kwa ukamilifu Jié’āi shùnbiàn. Mgonjwa mwambie Hǎohāo xiūxi, “pumzika vizuri”, na Zhù nín zǎorì kāngfù, “nakuombea upone mapema”. Uliyemgonga bega kwenye metro ni Bù hǎoyìsi, na ukimwumiza kweli Duìbuqǐ. Unayetaka kumsumbua kwa msaada ni Máfan nín, na ukigonga mlango wa mtu mwenye shughuli, Dǎrǎo le, “samahani kwa kukusumbua”.

Hatua ya 5: Tuma salamu, na zifikishe

Hapa vitabu vingi hupita mbio, wakati kwetu na kwao salamu za mtu asiyekuwepo ni deni. “Nisalimie mama” husemwa hivi:

Dài wǒ xiàng nín mǔqīn wèn hǎo. (代我向您母亲问好。)

Dài wǒ ni “kwa niaba yangu”, xiàng ni “kwa”, kisha mtu anayetumiwa salamu, kisha wèn hǎo. Badilisha mtu tu: nín fùmǔ, wazazi wako, nín quánjiā, familia yako yote, Wáng lǎoshī. Kwa mliozoeana ifupishe: Tì wǒ wèn tā hǎo, “nisalimie huyo”. Na ile wèn, kumbuka, itamke kwa toni ya 4, inayoanguka.

Ukitumwa wewe, ukifika sema: Wǒ bàba ràng wǒ xiàng nín wèn hǎo, “Baba kaniambia nikusalimie.” Mpokeaji atasema Xièxie, yě qǐng dài wǒ xiàng tā wèn hǎo, “Asante, naye nisalimie pia.” Unamalizia kwa Yídìng zhuǎndá (一定转达), “Zitafika bila shaka.” Siku moja mteja wangu mmoja wa Dar es Salaam alimsimamisha msambazaji wake katikati ya bei ya mabomba ya maji ili tu niifasiri sentensi ya salamu kwa mkewe yule bwana, aliyekuwa ametoka kujifungua. Bwana aliweka kikokotoo chini, akatoa simu, akatuonyesha picha ya mtoto. Bei tuliirudia baadaye.

Hatua ya 6: Salamu za maandishi

Barua au barua pepe rasmi hufuata umbo hili:

尊敬的王经理：
　　您好！
　　（maneno yako）
　　祝
工作顺利，身体健康！

Mstari wa kwanza ni Zūnjìng de Wáng jīnglǐ, “Mheshimiwa Meneja Wáng”, na alama inayofuata ni nukta pacha, si mkato. Nín hǎo huanza mstari mpya, ukiacha nafasi ya herufi 2. Mwishoni zhù, “nakutakia”, halafu heri zenyewe mstari wa chini zikianzia pembeni kabisa: gōngzuò shùnlì, kazi ikuendee vizuri; shēntǐ jiànkāng, afya njema. Kwa barua za biashara kuna Shùn zhù shāngqí (顺祝商祺), na kwa maombi rasmi Cǐzhì, mstari wa chini Jìnglǐ (此致／敬礼). Jina lako na tarehe huwekwa chini kulia, tarehe ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Kwenye WeChat, programu ya simu ambayo Wachina hutumiana ujumbe, usimwandikie mtu Zài ma? (在吗), “Upo?”, ukanyamaza kusubiri ajibu. Wengi linawaudhi, maana hawajui wanaitikia nini. Andika salamu na shida yako kwa pamoja: Lǐ jīnglǐ nín hǎo, dǎrǎo le, kisha jambo. Na ile emoji ya njano ya tabasamu la kawaida, vijana wengi huisoma kama ubaridi. Tumia nyingine.

Sikukuu zinahitaji maneno machache. Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Mwaka 2025 ulikuwa Januari 29, mwaka 2026 ni Februari 17. Sema Xīnnián hǎo au Guònián hǎo. Gōngxǐ fācái, “hongera, upate mali”, huwafaa sana wafanyabiashara, na kusini ndiyo salamu yenyewe. Kwa mzee ongeza shēntǐ jiànkāng. Siku ya Qīngmíng, mwanzoni mwa Aprili, watu husafisha makaburi ya wazazi na mababu zao. Siku hiyo usimtakie mtu kuàilè, furaha.

Hatua ya 7: Aga vizuri

Zàijiàn inafaa popote, na marafiki huambiana bàibài. Lakini ukitoka nyumbani kwa mtu, kuaga kunachukua muda, na usikukatishe. Mwenyeji atasimama, atakusindikiza mpaka mlangoni, pengine mpaka kwenye lifti au barabarani, akisema Màn zǒu (慢走), “nenda polepole”. Maana yake ni uende salama, hujaambiwa upunguze mwendo. Wewe mzuie: Qǐng liúbù (请留步), au kwa lugha ya kila siku Bié sòng le, “usijisumbue kunisindikiza.” Ataendelea kukusindikiza hatua chache, nawe utasema tena. Anayesafiri mbali mtakie Yí lù píng’ān, safari ya salama.

Karibu kila mara atakwambia Dào le gěi wǒ fā ge xiāoxi, “Ukifika nitumie ujumbe.” Anamaanisha. Ukishafungua mlango wa chumba chako, kabla hujavua viatu, mwandikie: Wáng lǎoshī, wǒ dào le. Nimefika.